UZI: Ukaguzi wa usalama kazini ufanyike mashine zikizunguka, siyo baada ya kupiga deki (uzoefu wa Kigoma, wa Tabora karibuni)

#1 FundiKinga

Wakuu habari za wakati huu.

Nyuzi nyingi za OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi) humu zinaishia kwenye ada na faini. Leo naomba tuongelee ukaguzi wenyewe, hasa ule tunaoufanya sisi wafanyakazi ndani ya sehemu zetu za kazi kabla mkaguzi wa serikali hajafika. Mimi ni fundi mitambo, nipo Kigoma, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mawese na kupika sabuni, na ndiye mwakilishi wa usalama na afya wa wenzangu. Kwa wasiofahamu, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne ateue mwakilishi kwa maandishi. Kwa hiyo kama mpo kumi na hamumjui mwakilishi wenu, mna haki ya kuuliza.

Hoja yangu ni moja: ukaguzi unaofanyika mashine zimezimwa na sakafu imepigwa deki haujakagua kitu.

Nimefanya kazi sehemu kadhaa na mtindo ni uleule. Ikisikika wakaguzi wapo mjini, jioni hiyo kazi inasimama. Sakafu inasuguliwa kwa sabuni ya unga, magunia yanapangwa, mitungi ya kuzimia moto inafutwa vumbi, watu wanagawiwa helmeti na buti ambazo kesho kutwa zinarudi stoo. Asubuhi mkaguzi anatembezwa katikati ya mashine zilizolala. Mkanda uliosimama haumkati mtu, na sakafu kavu haimwangushi. Hatari za kiwanda kama chetu zinazaliwa saa ile injini inanguruma, chikichi zimejaa uwanjani, na mwenye mzigo amesimama mlangoni anataka mafuta yake kabla giza halijaingia. Na tangu Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipokuja kuisukuma michikichi 2018 na watu wakaanza kupanda miche bora ya aina ya Tenera kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, mzigo wa msimu hauendi kupungua. Ndiyo maana naliona jambo hili ni la sasa.

Mimi nikikagua naanza kwa kusimama tu. Sifungui fomu. Nachagua kona ambayo simzuii mtu, natazama mzunguko mzima wa kazi, kuanzia chikichi zinapotolewa kwenye pipa la kuchemshia mpaka makapi yanapotupwa nje. Mwanzoni watu wanakutazama wewe na wanafanya kazi kwa adabu. Wakishakuzoea wanarudi kwenye mwendo wao wa kila siku, na hapo ndipo ukaguzi unaanza.

Natafuta vitu ambavyo havikuja na mashine. Kopo la rangi limepinduliwa chini ya swichi: swichi iko juu mno, na kuna mtu anapanda kopo lenye utelezi kila anapotaka kuzima, hata siku ya dharura. Kipande cha mti kimechongwa na kuwekwa pembeni ya mdomo wa mashine: chikichi zinakwama, watu wanazisukuma, na siku ule mti ukipotea watasukuma kwa mkono. Tambara limefungwa kwenye mpini wa pipa: mpini unaunguza. Fomu haina kisanduku cha kopo la rangi, lakini kopo lile linakueleza zaidi ya maswali yote ya fomu.

Halafu kava la mkanda. Hapa naomba mnivumilie, nieleze kwa kirefu.

Pale mkanda unapoingia kwenye puli (gurudumu linalozungushwa na mkanda) ndipo kwenye hatari. Khanga, mkono wa shati au ncha ya skafu ikishikwa pale, injini ya dizeli haijui kusimama, itavuta. Kiwandani kwetu kava lilikuwepo. Nililikuta limeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya mise (kokwa za chikichi), lina utando wa buibui, na matundu yake manne ya bolti yameziba kwa masizi yaliyochanganyika na mafuta. Ule utando ulionyesha wazi kwamba halikutolewa jana wala juzi. Nikamuuliza dogo anayeendesha injini, kwa utaratibu, bila kumtisha, kava linamsumbua nini. Akasema mzigo ukizidi mkanda unalegea, inabidi autazame na kuukaza mara kwa mara, na kila akitaka kuukaza ni bolti nne kufungua na bolti nne kufunga, huku mwenye mzigo anamfokea.

Barua ya onyo ingelirudisha kava kwa wiki moja. Tulichofanya ni kumwita fundi wa kuchomelea akatengeneza kava la wavu wa chuma badala ya bati zima, mkanda uonekane bila kufungua chochote, matundu yake yawe madogo kiasi kwamba kidole hakiufikii mkanda. Bolti ya kukazia tukaitoa nje ya kava. Kava lenyewe bado linafungwa kwa spana, kwa sababu kava linalofunguka kwa mkono mtupu litafunguliwa mashine ikizunguka. Tangu hapo halijarudi nyuma ya magunia, na hakuna aliyelazimishwa.

Nimeandika mengi kuhusu kitu kimoja makusudi. Kwenye fomu ile ya awali mstari huu uliandikwa "Kava: lipo", ukapigwa tiki.

Karibuni tujadili.

#2 BoksiLaZana

Nipo siti ya mbele mkuu. Mimi ni wa gereji na welding hapa Mwanga, Kigoma. Umenikumbusha grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia na kusagia chuma. Ukikagua karakana zetu usiku, kila grenda ina kava lake limefungwa vizuri. Njoo saa nne asubuhi uone. Diski ya inchi saba imepachikwa kwenye grenda ya inchi nne na nusu, na kava limetolewa kwa sababu diski haienei ndani yake.

Wengi hawajui ubaya uko wapi. Grenda ndogo inazunguka haraka kuliko kubwa, ile ya inchi nne na nusu inafika mizunguko kama 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi saba imeandikwa usoni kwamba mwisho wake ni 8,500 hivi. Unaizungusha kupita uwezo wake, tena bila kava, usawa wa shingo. Ikipasuka vipande vinaondoka kama risasi. Kwa hiyo mkaguzi wa ndani asiangalie grenda peke yake, asome namba ya kwenye diski na namba ya kwenye grenda azilinganishe. Na kwenye kile kipete cha chuma cha katikati mara nyingi kuna mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi. Diski iliyokaa kwenye unyevu au iliyopita muda itupwe, hata kama inaonekana mpya.

#3 MwenyeMradi

Wakuu nyie mnaongea mkiwa wafanyakazi. Mimi nina mashine moja ya kukamulia kule njia ya Simbo, vijana watatu na akina mama wanaokuja kwa kibarua siku za mzigo. Nikinunua buti, glavu, helmeti, mitungi ya moto, faida ya msimu imekwisha. Halafu aje mtu na karatasi anipe orodha nyingine. Tuwe wakweli, usalama wa namna hiyo ni wa makampuni makubwa, siyo wetu.

#4 FundiKinga

@MwenyeMradi kaka, nashukuru umesema wazi, maana wengi wanafikiri hivyo na hawasemi.

Umeanza na buti, glavu na helmeti. Kwenye kazi hii vifaa kinga ni vya mwisho kwenye mstari, siyo vya kwanza. Kwanza unajiuliza hatari yenyewe inaweza kuondolewa? Ikishindikana, inaweza kubadilishwa na kitu chenye madhara madogo? Ikishindikana, inaweza kuzuiwa kwa kava, ukuta, umbali? Halafu unaangalia utaratibu wa kazi, nani anafanya nini na saa ngapi. Kilichobaki baada ya hapo ndicho unachomvalisha mtu. Kule kwako helmeti ya nini? Kuna kitu gani kinaning'inia juu?

Nikija kwako nitaanza na hivi. Wavu wa kuzuia mkanda, chuma chakavu kinatosha. Majivu au pumba za mbao sakafuni pale mafuta yanapomwagika, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuzoa. Kamba na vigingi vya kuzuia watoto wasifike kwenye mapipa, maana akina mama wa kibarua wanakuja na watoto na huwezi kuwalaumu. Mapipa ya kuchemshia yakae upande ambao upepo haupeleki moto kwenye mafuta yaliyokwisha kukamuliwa. Mfuniko wa bati unaotosha mdomo wa kila pipa la mafuta, na ndoo mbili za mchanga mkavu.

Huo mfuniko naomba uuchukulie kwa uzito. Mafuta yakishika moto mtu wa kwanza kufika atakimbilia maji, ni silika. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayowaka yanazama chini yake, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta yakiwa na moto kila upande. Funika, kata hewa, zima jiko, usifunue mpaka yapoe. Mama wa kibarua aliyekuja leo kwa mara ya kwanza aambiwe hili kabla hajashika kazi.

Injini ikihitaji kutengenezwa, kata mafuta yake, hendeli ya kuwashia akae nayo yule anayetengeneza. Kwa wanaotumia umeme, meni swichi ishushwe na ifungwe kufuli, ufunguo mfukoni mwa fundi mwenyewe, siyo kwa msimamizi.

Pitia hayo siku ya mzigo mkubwa, siyo siku ya kupumzika. Hakuna ada ya kujikagua.

#5 MamaSabuni

Asante mwanangu FundiKinga. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunapika sabuni kwa mawese na kostiki soda. Tulipata mafunzo tukapewa na miwani, lakini miwani inapata ukungu tukavua. Wakija kutukagua wanauliza "miwani ipo?" tunasema ipo, wanaandika. Tufanyeje?

#6 FundiKinga

Shikamoo mama. Umegusa palepale. "Ipo" siyo jibu, swali ni inavaliwa? Na kama haivaliwi, kwa nini? Ukungu ni sababu halali, siyo ukaidi. Tafuteni miwani yenye vitundu vya hewa vya pembeni vilivyofunikwa, au ngao ya uso ya plastiki inayoshuka mpaka kidevuni. Hiyo inapitisha hewa na inazuia matone. Ila ngao iliyo wazi chini ivaliwe na mtu anayekoroga akiwa wima, siyo anayeinama juu ya ndoo.

Nikikagua sehemu ya kupikia sabuni natazama mambo manne na ninayatazama kwa macho, sisomi ukutani.

Kwanza, nani anamimina nini kwenye nini. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kidogo kidogo huku unakoroga. Ukimwaga maji juu ya kostiki joto linapanda mara moja, inachemka na kuruka usoni. Pili, chombo. Sufuria za alumini hapana kabisa; kostiki inakula alumini na kutoa hewa ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Plastiki ngumu au chuma cha pua. Tatu, kostiki inahifadhiwa wapi. Nimewahi kuiona kwenye chupa ya maji ya kunywa, imewekwa dirishani, na pale watoto wanapita. Nne, na hili ndilo kubwa, maji ya kunawia. Mama, tafadhali msimwambie mkaguzi kwamba maji yapo bombani. Mwambieni afunge macho, atembee kutoka kwenye ndoo ya kostiki mpaka kwenye bomba, afungue. Akijikwaa kwenye kuni, au akafungua bomba likatoa upepo, basi hamna maji. Kostiki ikiingia jichoni inataka maji safi mfululizo, dakika 15 kwenda juu, kuanzia sekunde zilezile, halafu ndiyo hospitali. Kigoma tunajua maji ya bomba yanavyokatika. Pipa la maji safi lenye mfuniko na kata, hatua chache kutoka mnapokoroga, libadilishwe maji kila asubuhi ya kupika.

#7 KijanaWaUrambo

Salamu kutoka Tabora. Huku kwetu neno "mahali pa kazi" watu wanaona ni kiwandani tu. Shamba la tumbaku ni mahali pa kazi na bani la kukaushia ni mahali pa kazi, lakini sijaona mtu akilikagua bani kwa macho ya usalama, wanaangalia majani tu kama yamekauka rangi nzuri.

Nakubaliana na mleta uzi kuhusu saa ya kukagua. Ukija shambani saa saba mchana utakuta vijana wamekaa kivulini, kila kitu salama. Njoo alfajiri wanapochuma, jani lina umande. Ile nikotini ya kwenye jani inayeyuka kwenye umande na kupita kwenye ngozi. Mchumaji analowa kifua, mikono na mapaja, mchana anasikia kizunguzungu, anatapika, kichwa kinauma, usiku halali. Huku watu wanasema ni malaria au ni njaa, anameza dawa isiyohusika, kesho anarudi kuchuma. Ni ugonjwa unaojulikana, unatokana na jani bichi la tumbaku. Kinga yake kubwa ni kusubiri umande ukauke, kuvaa glavu na kitu kisichopitisha maji kama nailoni kifuani, na kuoga na kubadili nguo mara baada ya kazi. Watoto wasichume kabisa, mwili wao mdogo unazidiwa haraka.

Na bani: mtu anapanda juu kwenye miti anatundika fito za tumbaku, miguu ameipanua huku na huku, chini kuna bomba la moto. Kabla ya msimu mtu apande mti mmoja mmoja autikise, maana mchwa wanakula ndani na nje mti unaonekana mzima. Jani likidondoka kwenye bomba lenye moto bani zima linaondoka, na aliye juu atashukia wapi? Tuwe na wavu juu ya bomba na mlango usiofungwa kwa nje mtu akiwa ndani.

#8 FundiKinga

@KijanaWaUrambo hapo kwenye kuutikisa mti ndiyo ukaguzi ninaousema. Macho peke yake yasingeona mchwa.

#9 Mkaribu

Naomba kuuliza kuhusu mitungi ya kuzimia moto. Ofisini kwetu ina stika mpya, lakini sijui kama kweli inafanya kazi.

#10 BoksiLaZana

Mkuu stika inakuambia kuna mtu alifika. Ile ya unga ina geji, sindano iwe kwenye kijani. Pini iwepo na kile kiuzi chake kisiwe kimekatika. Ushike uuinue, mpira wake usiwe umepasuka, mdomo usiwe umejengewa na nyigu, hilo nimelikuta mara nyingi. Ile ya kaboni dayoksaidi haina geji kabisa. Wengi wanashangaa. Hiyo inapimwa kwa mizani: uzito ukiwa tupu umegongwa kwenye mtungi, unajumlisha na uzito wa gesi ulioandikwa, kama umepungua sana gesi imevuja. Na uangalie mtungi umening'inizwa wapi. Ukiwa juu ya jiko lenyewe, siku jiko likiwaka nani ataufikia? Ukae njiani kuelekea mlangoni.

#11 MtuWaReli

Nimesoma kimya kimya, naomba kuchangia. Mnazungumza kana kwamba ukikagua na kuandika, bosi atatekeleza. Mimi nilifanya kazi mahali fulani (sitapataja) mwakilishi akiandika jambo faili linafungwa, miezi inapita, akiuliza anaambiwa bajeti. Baadaye mtu anaumia ndiyo faili linatafutwa.

Kuna jengo la Rana Plaza kule Bangladesh, Aprili 2013. Nyufa zilionekana tarehe 23, mhandisi akaitwa akasema watu watoke. Benki iliyokuwa ghorofa za chini ikawarudisha wafanyakazi wake nyumbani. Wenye viwanda vya nguo vya juu wakawaita wafanyakazi wao kesho yake asubuhi, oda za Ulaya na Marekani zinasubiri. Jengo likaanguka tarehe 24, wakafa zaidi ya watu 1,100. Ukaguzi ulifanyika, tena ulisema ukweli. Kilichokosekana ni mtu wa kuusikia. Tunafanyaje kwa mabosi wa namna hiyo?

#12 FundiKinga

@MtuWaReli swali lako limenikalisha. Sina jibu la kumbadilisha kila bosi, lakini nitasema tunavyofanya.

Ripoti yetu ina safu tano tu. Tulichokiona na wapi hasa. Kinaweza kumfanya nini mtu. Nini kifanyike. Nani, kwa jina lake. Tarehe gani. Tuliacha kuandika "uongozi ushughulikie", kwa sababu hakuna mtu anayeitwa uongozi. Tukiandika jina la msimamizi wa stoo na Ijumaa ijayo, anakuja mwenyewe kuomba muda uongezwe, na hapo mazungumzo yameanza. Nakala inabandikwa ubaoni pale watu wanapochukulia chai, siyo kwenye droo. Na jambo halifutwi kwenye orodha kwa sababu fulani amesema "tayari". Linafutwa nikienda nikaliona, mashine ikizunguka.

Tunatenganisha pia lisiloweza kusubiri. Waya uliochubuka pale watu wanapokanyaga maji hausubiri kikao. Mwakilishi aseme palepale, kazi isimame pale, kisha ndiyo aandike. Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) Na. 155 wa 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu ya msingi ya kuamini ni hatari kubwa ya papo hapo kwa maisha au afya yake alindwe asiadhibiwe, na Juni 2022 ILO iliingiza usalama na afya kazini kwenye haki za msingi za kazi, ambazo nchi zote wanachama zinatakiwa kuziheshimu. Lijue hilo mkuu, siku ya kubishana uwe na la kushika.

Ikishindikana ndani, OSHA wapo. Mkaguzi wao anaweza kutoa notisi ya maboresho yenye muda wa kurekebisha, au notisi ya kuzuia kazi pale hatari ni kubwa. Akija, na mwakilishi awe naye kwenye mzunguko. Usimwachie meneja amtembeze peke yake. Mwombe mashine ziwashwe. Mkaguzi makini atafurahi.

Na kwa wale wanaosema mtu akiumia kuna Mfuko wa Fidia: WCF imesaidia familia nyingi tangu ilipoanza 2015, naiheshimu. Lakini fidia ya kidole inalipwa kidole kikiwa kimekwisha kwenda.

#13 JiraniWaUvinza

Wakuu, nami niongeze la kuchomelea, maana naona wenye viwanda vya mafuta wapo. Huwa naitwa kuziba mapipa na matangi yanayovuja. Tafadhali, pipa lililowahi kuwa na dizeli, petroli au mafuta yoyote usilipeleke moto kwa kulitazama tu kwamba ni tupu. Tupu ndiyo mbaya zaidi, mvuke umejaa ndani. Lioshwe, lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomwa, na vifuniko viachwe wazi.

Jingine ni mtungi wa oksijeni. Mkononi mna mafuta ya mawese, unashika valvu na geji ya oksijeni. Mafuta na oksijeni yenye mgandamizo vikikutana vinaweza kuwaka bila cheche yoyote. Mkinipokea kiwandani kwenu nipeni sabuni na maji kwanza, na msiniwekee mitungi yangu pale makapi yanapomwagwa. FundiKinga weka hilo kwenye ukaguzi wako, fundi wa kutoka nje naye akaguliwe anavyofanya kazi.

#14 FundiKinga

Nimelipokea mkuu, hilo la mikono yenye mawese sikuwahi kulisikia likisemwa kwenye mafunzo yoyote na kwetu linahusu moja kwa moja. Linaingia.

#15 MwenyeMradi

Kaka FundiKinga, nimesoma mpaka hapa. Leo niliwaacha vijana waendelee na kazi, mimi nikasimama pembeni kama ulivyosema. Nimeona kopo, siyo la rangi, ni debe. Wanalikanyaga kumimina chikichi kwa sababu mdomo wa mashine uko juu. Nitajenga kijukwaa cha mbao chenye ngazi.

Swali langu la mwisho: shimo la majitaka ya mawese. Limejaa tope, nilitaka kijana ashuke na koleo wiki hii tulisafishe. Nalo linakaguliwa?

#16 FundiKinga

Kaka, asishuke mtu. Nakuomba mpigie simu kijana huyo usiku huu kabla hajaamkia kazi.

Tope la mawese likioza linatoa gesi, ikiwemo haidrojeni salfaidi ile yenye harufu ya yai viza, na linamaliza hewa ya oksijeni ndani ya shimo. Mwanzoni utasikia harufu, gesi ikizidi pua inakufa ganzi na harufu inapotea, mtu anadhani hewa imekuwa safi. Anaanguka bila kupiga kelele. Anayemwona anaruka kumwokoa, naye anaanguka juu yake. Kwenye mashimo na matangi ndivyo ndugu wawili watatu wanavyokufa siku moja. Kuteremsha mshumaa au taa ya chemli wanavyofanya wazee hakutoshi, kunaweza kukuonyesha kwamba oksijeni imepungua lakini hakuoni sumu, na gesi ya kuwaka ikiwepo umeipelekea moto mwenyewe.

Litoeni tope mkiwa juu. Ndoo yenye mpini mrefu, au pampu ya tope, na mwaga mbali na kijito kinachoshuka ziwani. Wafanye wawili, wamesimama upande upepo unakotokea, ukingo wa shimo uwekewe mbao mtu asiteleze. Kama kuna jambo linalolazimu mtu kuingia, hiyo ni kazi ya watu wenye kipima gesi, mkanda wa mwilini, kamba na tripodi (stendi ya miguu mitatu) ya kumvuta akiwa amezimia. Mpaka wapatikane, halifanyiki.

Mkimaliza lifunikeni kwa mbao nzito au zege, msiache bati. Bati linaota kutu, na jirani akipita usiku hajui chini yake kuna nini. Ukilijenga hilo jukwaa tuwekee picha, nikague urefu wa ngazi na kingo za pembeni.